Makala ya viazi vya Umalila inauzwa dola 40: tunaisomaje kihalali, na ya kwetu tuichapishe wapi?

AfisaUgani_Umalila

Habarini wakuu. Kuna makala ya kisayansi kuhusu ugonjwa wa bakajani chelewa kwenye viazi mviringo, na majaribio yake yalifanyika kwenye mashamba ya wakulima huku Mbeya Vijijini. Muhtasari unasomeka bure. Ukitaka makala yenyewe, mchapishaji wa Ulaya anadai dola 40. Muhtasari unasema tu kwamba ratiba ya kupulizia ilipunguza hasara. Ni ratiba gani, dawa kiasi gani kwa hekta, mbegu ipi ilistahimili, hayo yote yako nyuma ya malipo.

Mishahara ya watafiti inatoka kwenye kodi, mashamba ni ya wakulima, gharama za majaribio alibeba mfadhili. Hizo dola 40 anachukua nani, na kwa kazi gani? Ofisi ya kilimo ya halmashauri, ambayo si chuo, ina njia halali ya kuisoma? Na jingine: sisi na wenzetu wa chuo tuna takwimu za misimu miwili, tunataka ziwe makala. Tuipeleke wapi ili mgani wa Makete au Mufindi asije akakwama hapa hapa tulipokwama sisi?

Mkutubi_Gangilonga

Kamwene mkuu. Naanza na la kuisoma, maana hilo linaweza kuisha leo.

Usilipe chochote. Chukua namba ya DOI ya makala, utambulisho wake wa kudumu mtandaoni, ile inayoanza na 10 na nukta, kisha weka kiendelezi cha Unpaywall kwenye Chrome au Firefox na ufungue ukurasa wa makala. Kama kuna nakala ya bure iliyowekwa kihalali mahali pengine, alama ya kufuli pembeni inageuka kijani na ukiibonyeza unapelekwa huko. Isipogeuka, nenda Google Scholar, andika kichwa chote cha makala ndani ya alama za kunukuu, halafu fungua kiungo cha matoleo yote chini ya tokeo. La kwanza kwa kawaida ni la mchapishaji. Nakala ya hifadhi ya mtandaoni ya chuo hujificha chini zaidi na watu wengi hawafiki huko.

Kwa viazi kuna mlango wa ziada. Kituo cha kimataifa cha viazi, CIP cha Lima, kiko chini ya CGIAR, muungano wa vituo vya kimataifa vya utafiti wa kilimo, na CGIAR ina sera ya ufikiaji huria, yaani machapisho yasomwe bure, tangu 2013. Machapisho yake yanakusanywa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya CGSpace. Hata kama makala unayoitaka haimo, ripoti ya mradi huo huo inaweza kuwamo, na ripoti mara nyingi ina majedwali mengi kuliko makala.

Ukikwama kote huko, mwandikie mwandishi wa mawasiliano, yule ambaye anwani yake imewekwa kwenye makala. Mikataba mingi ya hakimiliki inamruhusu mwandishi kumpa nakala mtu mmoja mmoja anayeihitaji kwa kazi yake. Barua iwe na mistari minne: DOI, wewe ni nani, unaitumia kwa nini, na ombi la nakala yoyote aliyo nayo, hata ile ya kabla ya kupangwa kurasa. Ukiona kimya, huenda amehama taasisi na anwani iliyoko kwenye makala imekufa. Tafuta jina lake kwenye ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti, au waandikie waandishi wenzake. Wa Kitanzania katika orodha hiyo ndiye wa kuanza naye.

Sasa la ofisi yako, na hili naomba ulifikishe kwa mkuu wa idara. Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia bure au kwa bei nafuu, si ya vyuo vikuu peke yake. Ina sehemu tano: Hinari ya afya chini ya WHO tangu 2002, AGORA ya kilimo chini ya FAO tangu 2003, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na GOALI ya sheria. Wanaoruhusiwa kujisajili ni pamoja na taasisi za utafiti, hospitali za kufundishia, ofisi za serikali, vituo vya ugani na asasi za ndani zisizo za kibiashara. Tanzania imo Kundi A, yaani taasisi hailipi kitu. Nchi za Kundi B hulipa dola 1,500 kwa mwaka. Mtu binafsi hawezi kujisajili, ni taasisi tu. Fomu inataka anwani ya taasisi, mkuu wake na mtu mmoja wa kusimamia akaunti, kwa hiyo tumieni barua pepe ya kikazi.

Yanayoharibika ni mawili na yanajirudia kila mahali. La kwanza, mtu anaingia Google, anafungua makala moja kwa moja kwa mchapishaji, anakuta malipo, anasema mfumo haufanyi kazi. Lazima uingie kwanza kwenye lango la Research4Life kwa jina na nywila ya taasisi, kisha utoke humo kwenda kwenye jarida, la sivyo mchapishaji hakutambui. La pili, nywila inatupwa kwenye kundi la WhatsApp, watu wanapakua majarida mazima usiku mmoja, mchapishaji anaona na kufunga taasisi nzima. Msimamizi abadilishe nywila kila wafanyakazi wanapohama.

Na mjue mapema: mchapishaji anaweza kuiondoa nchi fulani kwenye majarida yake fulani. Kwa hiyo kukosa jarida moja humo si lazima liwe kosa lenu.

Mchumi_Mwanjelwa

Mkutubi kamaliza la kusoma. Nijibu la nani anachukua.

Mwandishi halipwi. Wahakiki wawili au watatu wanaoisoma makala na kuikosoa hawalipwi. Ni wahadhiri na watafiti, wanaishi kwa mishahara ya vyuo na serikali. Mchapishaji anapokea kazi ambayo wengine wameshaigharamia, anasimamia mawasiliano ya uhakiki, anaipanga kurasa, anaiweka mtandaoni na kuitunza, kisha anaiuzia maktaba za vyuo vile vile. Kazi hiyo ina gharama, sikatai. Lakini mwaka 2023 kitengo cha sayansi na tiba cha RELX, kampuni inayomiliki Elsevier, kilibakiwa na faida ya uendeshaji ya karibu asilimia 38 ya mapato. Faida ya namna hiyo haitoki kwenye kupanga kurasa.

Inatoka kwenye kukosekana kwa mbadala. Duka moja la pembejeo Mwanjelwa likipandisha bei ya mbolea, unavuka barabara kwenda jingine. Makala ya bakajani ya Umalila ni moja tu duniani, na mtafiti anayeihitaji hawezi kusoma ya nyanya badala yake. Robert Maxwell alilijenga shirika lake la Pergamon kuanzia 1951 juu ya jambo hilo: kila jarida jipya la fani mpya ni ukiritimba mdogo unaojitegemea, na maktaba italazimika kulinunua juu ya yale iliyo nayo. Elsevier waliinunua Pergamon mwaka 1991. Miaka michache baadaye wachapishaji wakubwa wakaanza kuuza kwa vifurushi: chuo kinalipia mamia ya majarida kwa pamoja, yanayosomwa na yasiyosomwa, kwa mkataba wa miaka kadhaa ambao mara nyingi bei yake ni siri. Hata matajiri walichoka. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California ulikata mkataba na Elsevier mwaka 2019, ukarudi 2021 kwa mkataba mwingine unaofungua makala za watafiti wake.

Chombo kinachoyafanya haya yote yawe halali ni karatasi moja, fomu ya kuhamisha hakimiliki. Makala ikikubaliwa, mwandishi anatumiwa fomu, anasaini haraka kwa furaha, na kuanzia hapo mwenye mali ni mchapishaji. Wakulima wa Umalila hawakuwemo kwenye mkataba huo wala mwajiri wa mtafiti hakuulizwa.

Mtu atauliza kwa nini watafiti wasihame. Wanazuiwa na kamati za kupandisha vyeo. Zinaangalia jarida lina kipimo gani cha kunukuliwa, kile kinachotolewa na kampuni ya Clarivate. Hesabu yake ni hii: mara ambazo makala za jarida za miaka 2 iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, gawa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida, haisemi chochote kuhusu makala yako. Utafiti wa viazi vya nyanda zetu unaweza kubadilisha ratiba ya kupulizia katika kata nzima na usinukuliwe hata mara kumi, kwa sababu wanaoutumia hawaandiki makala. Azimio la San Francisco la 2012, DORA, lilitaka vyuo viache kumpima mtu kwa kipimo cha jarida. Chuo kinaweza kulisaini, lakini fomu ya kupandisha vyeo isipobadilika, sahihi hiyo ni kazi bure.

Mtafiti_Iyunga

Nakubaliana na mchumi kwa mengi, ila kwa vitendo jibu la swali la mwisho ni jarida la ufikiaji huria lenye msamaha wa ada, ile anayotozwa mwandishi ili makala isomwe bure. Makala inafunguliwa kwa kila mtu siku inapotoka, na nyie hamlipi. Lakini msamaha una masharti, na watu wanaukosa kwa uzembe tu.

Ombeni wakati wa kuwasilisha, kabla makala haijakubaliwa. Wachapishaji wengi hawapokei ombi ankara ikishatoka. Someni wanatumia orodha gani ya nchi. Wanaofuata Research4Life wataiona Tanzania Kundi A na kusamehe ada yote. Wanaofuata Benki ya Dunia wataona kwamba Julai 2020 Tanzania ilipandishwa kwenda kipato cha kati cha chini, na huko mara nyingine unapewa punguzo badala ya msamaha. Nusu ya dola 2,000 bado ni dola 1,000, ambayo hakuna ofisi ya ugani itakayoipata. Angalieni pia anayehesabiwa ni nani: wengine wanamtazama mwandishi wa mawasiliano peke yake, wengine wanataka waandishi wote wawe wa nchi zinazostahili. Mwenzenu mmoja wa Ulaya kwenye orodha anaweza kuuondoa msamaha wote.

Msichanganye jarida huria kabisa na jarida mseto, lile linalouzwa kwa maktaba na papo hapo linakubali ada ili kufungua makala moja moja. Msamaha kwa kawaida haugusi majarida mseto. Chuo chenu kama ni mwanachama wa COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini, mwulizeni mkutubi orodha ya mikataba inayopitia EIFL, shirika linalojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba. Ipo mikataba inayofuta au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi wanachama.

Mchumi_Mwanjelwa

Mtafiti, masharti uliyoyaeleza ni ya kweli na yatawasaidia. Ninachokataa ni kuyaita jibu. Ada ya mwandishi imehamisha geti tu, kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Wachapishaji wa jarida la Nature walipotangaza ada ya kufungua makala mwishoni mwa 2020 walitaja euro 9,500. Wahariri wa jarida la NeuroImage walipoona ada ya dola 3,450 haishuki, walijiuzulu wote Aprili 2023 na kuanzisha jarida lao jingine. Kama wahariri wenyewe wanasema bei haiendani na gharama, msamaha ni hisani ambayo mchapishaji anaweza kuipunguza kesho.

Na tazama inavyofanya kazi kwenye timu za pamoja. Chukulia timu ya Mbeya na Munich. Ujerumani ina mikataba ya kitaifa, Projekt DEAL, na wachapishaji wakubwa: Wiley tangu 2019, Springer Nature tangu 2020 na Elsevier tangu 2023. Mwandishi wa mawasiliano akiwa Mjerumani, makala inafunguliwa bila ankara kumfikia mtu. Akiwa wa Mbeya, kunaanza maombi ya msamaha. Timu yoyote yenye haraka itamweka Mjerumani. Ndivyo nafasi ya kuongoza makala inavyohama kutoka aliko mgonjwa na shamba kwenda uliko mkataba, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Wafadhili nao wameanza kuliona. Gates Foundation, ambayo fedha zake ziko kwenye miradi mingi ya afya na kilimo Afrika, iliacha kulipia ada hizi kuanzia Januari 2025. Sasa inataka rasimu iwekwe wazi kabla ya uhakiki.

AfisaUgani_Umalila

Asanteni sana. Tukisema hatulipi ada na hatuombi msamaha, bado kuna njia ya makala kutoka kwenye jarida la kawaida na kusomeka bure? Mwenzetu wa chuo anataka jarida linalohesabika kwenye kupanda cheo.

Mkutubi_Gangilonga

Ipo, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: kuweka toleo lililokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo.

Makala ina matoleo matatu. Kuna rasimu mliyoiwasilisha, kuna toleo lililokubaliwa, yaani maandishi yenu ya mwisho baada ya kujibu wahakiki lakini kabla ya mchapishaji kuyapanga, na kuna lile lenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi wanaruhusu la pili liwekwe kwenye hifadhi ya taasisi, wengine papo hapo, wengine baada ya kusubiri miezi 6, 12 au 24. La tatu kwa kawaida haliruhusiwi. Andika jina la jarida kwenye Open Policy Finder, ile iliyokuwa ikiitwa Sherpa Romeo, utasoma sera ya jarida hilo kwa kila toleo. Fanyeni hivyo kabla ya kuchagua jarida. Likisema miezi 24 na lingine la hadhi ile ile linasema miezi 6, mmeshajua pa kwenda.

Kosa linaloua njia hii ni dogo mno: watu hawatunzi faili. Siku barua ya kukubaliwa inapoingia, hifadhi faili ya Word ya mwisho kwa jina linaloeleweka, itume kwa mkutubi siku hiyo hiyo. Ukirudi baada ya miaka miwili utakuta kompyuta imebadilishwa na umebaki na PDF ya mchapishaji ambayo huruhusiwi kuiweka. Mkutubi anaweza kuipokea leo na kuifungia kwenye DSpace, programu ya hifadhi ya chuo, hadi tarehe ya kusubiri iishe. Mfumo wenyewe unaifungua siku ikifika. Ajaze DOI, majina ya waandishi kama yalivyo kwenye makala, na maneno ya kutafutia kwa Kiingereza na Kiswahili. Bila DOI, Unpaywall inaweza kushindwa kuiunganisha na makala iliyofungwa, na msomaji akabaki mlangoni ingawa nakala ipo.

Kama mfadhili wenu ni miongoni mwa wanaounga mkono Plan S, mpango wa wafadhili wanaotaka makala walizogharamia zisomwe bure, mnaweza kuandika kwenye barua ya kuwasilisha kwamba toleo lolote lililokubaliwa litakuwa na leseni ya CC BY, inayomruhusu yeyote kuitumia mradi awataje waandishi. Mkiyaandika mwanzoni, mchapishaji anayeendelea kuipokea makala anajua msimamo wenu. Mkisubiri hadi fomu ya hakimiliki, mmechelewa.

Mhariri_Kihesa

Mnapita majarida ya nyumbani kama hayapo. Tanzania Journal of Agricultural Sciences ya SUA, chuo kikuu cha kilimo, iko kwenye AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza 1998 na sasa unaendeshwa kutoka Afrika Kusini. Tanzania Journal of Health Research ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, iko huko pia. Makala ya viazi ikitoka huko, mtu wa Makete anaifungua kwenye simu.

Udhaifu upo na tuuseme wazi ili urekebishwe. Matoleo yanachelewa kwa sababu mhariri ana vipindi vya kufundisha na hana msaidizi hata mmoja. Tovuti inapotea kwa sababu ada ya seva haikulipwa. Jarida linajaa makala za idara yake lenyewe. DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza 2003, inataka angalau makala 5 za utafiti kwa mwaka, na makala za wahariri, wajumbe wa bodi na wahakiki zisizidi asilimia 25 kwenye kila moja ya matoleo mawili ya karibuni. Majarida mengi ya vyuo huanguka kwenye kipengele hicho cha pili.

Vifaa vyenyewe si ghali. Open Journal Systems ya Public Knowledge Project ya Kanada ni programu ya bure: inapokea makala, inagawa kwa wahakiki, inachapisha. DOI zilikuwa na ada, lakini tangu Januari 2023 Crossref, shirika linalosajili DOI, ina mpango wa GEM unaoziondolea nchi kadhaa ada ya uanachama na ya kusajili, na Tanzania imo. Kinachobaki ni seva, nakala rudufu iliyo nje ya jengo, na saa za mtu. Hizo saa ndizo chuo kinapaswa kuziandika kwenye mzigo wa kazi wa mhariri, badala ya kutoa mamilioni ya ada kwa makala moja moja.

Onyo moja kwa mwenzenu wa chuo anayetaka cheo: barua pepe ikimwalika kuchapisha ndani ya siku chache kwa ada nafuu, aifute. Alitafute jarida kwenye DOAJ, alinganishe ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, na anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa kuwa kuna tovuti zinazoiba jina la jarida halali, kisha amwandikie mjumbe mmoja wa bodi kumuuliza kama anajua yumo.

AfisaUgani_Umalila

Nimeelewa. La mwisho: tukishaipata ile makala ya bakajani, tunaruhusiwa kuitafsiri kwa Kiswahili, tuchapishe vipeperushi vya wakulima?

Mkutubi_Gangilonga

Tazama leseni kwenye ukurasa wa kwanza. CC BY: tafsiri, chapisha, gawa, taja tu waandishi, chanzo na leseni, na useme umetafsiri. Ikiwa na NC, usiuze, na usimpe muuza dawa aweke nembo yake kwa biashara. Ikiwa na ND, huruhusiwi kusambaza tafsiri hata bure; hiyo ni sababu tosha ya kuikataa ND kwenye makala yenu wenyewe. Ikiwa na hakimiliki kamili, kuitafsiri kunahitaji kibali cha maandishi cha mchapishaji.

Lakini hakimiliki inalinda maandishi, michoro na picha. Hailindi ukweli uliogunduliwa. Kiasi cha dawa kwa hekta, siku za kurudia, jina la mbegu iliyostahimili: yasome, yaandike upya kwa maneno yenu, taja makala mliyoyatoa, chora mchoro wenu. Kwa hilo hamhitaji kibali cha mtu, hata kama makala yenyewe bado imefungwa.

Mtafiti_Iyunga

Kabla ya kuchapisha, linganisheni jina la kiuatilifu kilichotumika kwenye makala na orodha ya sasa ya viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu nchini. Makala inaweza kuwa ya majaribio ya miaka mingi nyuma.